Nguzo Imetulia, Uso Umepotea

Harusi ni moja, kanisani Ekerenyo, chini ya mabati, alasiri ya mvua. Wapigapicha ni wawili. Mmoja alibeba Canon EOS 700D yenye lenzi ya milimita 18-55 inayotuliza mtikisiko. Mwenzake alibeba Nikon D5300 na lenzi ya milimita 35, f/1.8, isiyo na kitulizi chochote. Kamera zote mbili ni za mwaka 2013. Picha zao nimezipanga bega kwa bega, maana zimenasa tukio lilelile: akina mama wakiingia kwa wimbo, wakimtangulia bibi harusi.

Ukiitazama kwa mbali, picha ya Canon inapendeza. Nguzo imesimama wima na kingo zake ni kali, misumari ya paa inahesabika, pazia limehifadhi kila mkunjo. Jicho likishuka kwa akina mama, halipati pa kushika. Nyuso zimefutika, mikono imegeuka michirizi. Shata ilibaki wazi kwa 1/15 ya sekunde, na kitulizi kilitimiza kazi yake barabara: sehemu ya vioo ndani ya lenzi ilisogea kinyume na mtetemo wa mkono. Lakini kitulizi kinaujua mkono wa mpigapicha tu. Mguu wa anayecheza hakiujui.

Tofauti hiyo inasomeka pichani. Mkono ukitikisika, fremu nzima huchafuka kuelekea upande mmoja. Anayepigwa picha akisogea, ukungu huchagua. Hapa umewachagua watu na kulisamehe jengo, hivyo picha inasema kwamba mwenye harusi ni nguzo. Ukungu wa mwendo una uzuri wake, na ningeusifu hapa laiti uso mmoja tu ungebaki umetulia katikati ya wengine.

Picha ya Nikon ilipigwa kwa 1/160, na ISO ni 1600 katika picha zote mbili. Mwanga wa ziada ulitoka wapi? Tundu la f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya lile la f/5.6 la Canon, na mwanga wote huo ulitumika kufupisha muda wa shata. Mama wa mbele ameshikwa akipiga vigelegele, ulimi na macho vikiwa wazi kabisa. Gharama yake ipo: kwa umbali wa mita 3, eneo lililo kali halizidi nusu mita hivi, kwa hiyo safu ya pili imelainika. Umati umepungua ukawa mtu mmoja. Mimi naukubali upungufu huo, kwa kuwa ni uamuzi wa mpigapicha.

Zipo pia picha za maharusi dirishani, gauni jeupe kando ya suti nyeusi na uso mweusi wa bwana harusi. Wote wawili walipunguza mwanga ili gauni lisiungue, kisha wakayainua maeneo ya giza kwenye kompyuta. Faili ghafi la Nikon liliutoa uso ule ukiwa safi. La Canon lilileta mistari na chembe shavuni, udhaifu unaojulikana wa sensa za Canon za pikseli milioni 18. Kwa rangi ya ngozi moja kwa moja kutoka kamerani, Canon inanipendeza zaidi, ina joto. Hoja ya pikseli milioni 24 za Nikon dhidi ya 18 haina uzito hapa, kwani ukurasa wa albamu wa inchi 8 kwa 12 hauhitaji hata milioni 9.

Ipo njia ya tatu. Mwaka 2004 Konica Minolta iliweka kitulizi kwenye sensa yenyewe ya DSLR, na Pentax ikafuata mwaka 2006, hivyo lenzi yoyote ikatulizwa, hata ile ya f/1.8. Canon na Nikon hawakufanya hivyo katika DSLR yoyote. Hata hivyo, sensa inayosogea nayo isingemtuliza mama anayecheza.

Kwa harusi za Ekerenyo, Nikon na lenzi yake ndogo imeshinda. Mwenye Canon asiiuze. Na aongeze lenzi ya milimita 50, f/1.8, kisha akiingia kanisani asiishushe shata chini ya 1/125 hadi wimbo uishe.