Fani ya Mapigano katika Tales of Kenzera: ZAU

Katika makala haya mafupi ninakusudia kuhakiki jambo moja tu katika mchezo wa video uitwao Tales of Kenzera: ZAU, nalo ni mapigano yake. Mchezo huu ulitolewa Aprili 2024 na Surgent Studios, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Mchezaji akitaka, wahusika humzungumzia kwa Kiswahili. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kuufikisha katika kurasa hizi.

Salim aliutunga kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake. Shujaa wake, Zau, ni mganga kijana anayepatana na Kalunga, mungu wa mauti: atamletea roho kuu tatu zilizokataa kuvuka, naye arudishiwe baba yake. (Roho hizo si za kwetu, Impundulu, kwa mfano, ni ndege wa radi wa kusini mwa Afrika. Lakini msanii ana haki ya kuazima.) Maudhui basi ni msiba. Swali la mhakiki ni hili: je, mikono ya mchezaji inauonja msiba huo, au ni masikio tu yanayousikia?

Silaha za Zau ni vinyago viwili. Kinyago cha jua humpiganisha ana kwa ana kwa moto. Cha mwezi humwezesha kurusha barafu kutoka mbali. Kitufe kimoja huvibadilisha. Hapa msanii amefaulu, kwani hasira na utulivu vimekaa katika mwili mmoja, na mchezaji ndiye anayeamua kipi kitangulie. Lakini baadaye huja maadui wenye ngao za rangi, ambazo kila moja huvunjwa na kinyago chake maalumu. Uamuzi unageuka kuwa kulinganisha rangi.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika mapigano ya kawaida. Njia hufungwa, maadui huja kundi baada ya kundi, na haifunguki mpaka wamalizike. Kipo kipimo cha ugumu ambacho mchezaji hukipandisha na kukishusha apendavyo, lakini kazi yake ni kuongeza au kupunguza uzito wa mapigo. Hakimwulizi mchezaji swali jipya.

Nayasema haya nikiwa Iguhu, katika nchi ya Waidakho, ambako watu wanajua kulitazama pigano. Katika mchezo wa mafahali hapana mtu mwenye upanga. Fahali wawili hukutanishwa, hufungana pembe na kusukumana, na pigano huisha mmoja anapogeuka akakimbia. Ngoma ya isukuti, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, husikika hapo, na husikika pia katika mazishi ya wazee, ambako mafahali nao huweza kupiganishwa. Mtazamaji hakodolei macho pembe peke yake. Hungojea ile nukta fahali anaposita. Ugumu wote umo katika kusita huko.

Zau hana nafasi ya kusita. Hadithi yake yote inamfundisha kumwachilia marehemu, lakini katika mapigano yake ya kawaida sikuona hata moja linalomalizika kwa kuachilia. Atasema mtetezi kwamba hasira ya mfiwa haichoki, kwa hiyo marudio yanafaa. Ningekubali kama marudio hayo yangemchosha Zau mwenyewe. Yanamchosha mchezaji tu.

Pahala fani na maudhui vinapokutana kweli ni chini ya mibuyu. Hapo Zau huketi, huzungumza juu ya baba yake, na uhai wake huongezeka. Hakuna la kupiga. Nilipoucheza mchezo huu mara ya pili nilikishusha kipimo hadi chini kabisa. Mapigano yalikwisha upesi, na mibuyu ilibaki na uzito wake ule ule.