Mcha Mungu na Fani: Hoja ya Al-Inkishafi

Baadhi ya wacha Mungu na watetezi wa mila huiona sanaa kuwa upuuzi unaodhoofisha imani. Dai hilo halisimami mbele ya Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakuiasa nafsi yake kwa hoja tupu. Aliitembeza katika majumba ya Pate yaliyobomoka, penye popo palipokuwa na taa. Ziondolewe taswira hizo, mawaidha yatabaki makavu. Isitoshe, tenzi kadhaa za dini zilinakiliwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu, mchongaji, mpiga kibangala na mcheza ngoma (sifa isiyowapendeza wote). Nakala alizomwandikia William Hichens, aliyeichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939, zimo SOAS, London. Mfadhili hakuwa muumini wa Lamu.