Lami ya Babati na Kodi Isiyoiona

Babati ni mji wa njia panda. Barabara ya Arusha–Singida inakutana hapa na ile itokayo Dodoma kupitia Kondoa, na mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, makao makuu yakawekwa hapohapo. Kilichoufanya uwe mji wa biashara, hata hivyo, ni lami. Ukifuatilia nani aliilipia, utaelewa kwa nini fremu za maduka zinaota haraka kuliko mitaro.

Lami kuu ni kazi ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Kipande cha mwisho, Dodoma–Babati chenye kilomita 251, kilizinduliwa Aprili 2018 na Rais John Magufuli akiwa na Akinwumi Adesina, rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika wakati huo. Benki hiyo, pamoja na JICA ya Japani, ndizo zilizoikopesha Serikali. Halmashauri ya mji haikutoa fedha za barabara hiyo, lakini viwanja vilivyo kando yake vilipanda thamani.

Mitaa ya ndani ina hesabu nyingine. Mwaka 2012 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 255 kwa miji 18, Babati ikiwemo, kupitia ULGSP, mpango wa kuimarisha halmashauri za miji. Utaratibu wake ndio ninaoutetea kuliko mwingine wowote tuliowahi kuujaribu. Fedha zilifuata matokeo. Kila mwaka wakaguzi wa nje walipita: hesabu zimefungwa vizuri? Zabuni zimefuata sheria? Mpango wa mji upo? Mapato ya ndani yamepanda? Mji uliopata alama nzuri ulipewa zaidi, na ulioshindwa masharti ya msingi ulikosa. Kwa mara ya kwanza mhasibu wa halmashauri alikuwa na uzito uleule wa mhandisi katika kuleta lami mtaani.

Mpango ukiwa katikati, mambo mawili yakabadilika. Kuanzia mwaka 2016 kodi ya majengo ilianza kuondolewa mikononi mwa halmashauri na kupelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka 2017 ikazaliwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara za mitaa nazo zikahamia huko. Sababu zilikuwepo: halmashauri nyingi zilikusanya kodi hiyo kidogo mno, na barabara za wilaya zilihitaji wahandisi wa kutosha. Hata hivyo mji uliokuwa unafundishwa kujitegemea ulinyang'anywa chanzo cha mapato ambacho kwa asili yake kinakua pamoja na lami.

Tazama stakabadhi ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh1,500, yaani Sh18,000 kwa mwaka. Makusanyo yakawa mepesi, na hilo ni jambo jema. Ila mita haijui nyumba iko wapi. Jengo la chini lenye fremu kando ya stendi linakatwa kiasi kilekile kinachokatwa nyumba ya mjane huko pembeni, ambako gari hufika kwa shida wakati wa masika. Thamani iliyoletwa na mkopo wa taifa zima inabaki kwa mwenye kiwanja.

Basi halmashauri inabaki kuegemea ushuru wa stendi, ushuru wa huduma na ushuru wa mazao. Huo wa mwisho hautabiriki. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, bei ilianguka, na Babati ni nchi ya mbaazi.

Kinachoumia kwanza ni mitaro, kwa kuwa mtaro haupangishwi. Babati inajua gharama yake: mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika na maji yakaingia mjini. Na katika mji wa Katesh, mkoani humohumo, Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliteremka hadi sokoni na zaidi ya watu 80 wakafariki. Hakuna mtaro ambao ungelizuia tope lile lote, lakini njia za maji zilizoachwa wazi, bila vibanda wala nyumba juu yake, ni sehemu ya miundombinu sawa na lami.

Ninayaandika haya nikiwafikiria watu wa Masieda, Haydom na Mbulu. Barabara ya Karatu–Mbulu–Haydom kuelekea Sibiti na Maswa iliingizwa katika mikataba iliyosainiwa Juni 2023, na lami ikifika viwanja vitapanda bei kama Babati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa. Tumeshaona alama za X ukutani: ya kijani kwa aliyekutwa na sheria, naye hulipwa, nyekundu kwa aliyeifuata barabara, naye huvunja kwa gharama yake. Halmashauri za huko zipime viwanja sasa, ziweke mipaka ya hifadhi ya barabara na ya mikondo ya maji, na ziwaonyeshe wanakijiji mawe ya mipaka hiyo kabla ya tripu ya kwanza ya kokoto kumwagwa.