Kanuni ya Nusu na Jedwali la Galton

Kanuni wafundishwayo watoto yajulikana sana. Ukipewa histogramu, yaani picha ya nguzo zilizoshikamana, na chini ya kila nguzo pameandikwa namba ya katikati tu, chukua nafasi iliyo baina ya namba mbili, uigawe kwa mbili, uiondoe nusu hiyo upate mwanzo wa fungu, uiongeze upate mwisho wake. Katikati zikiwa 5, 15 na 25, mafungu ni 0 hadi 10, 10 hadi 20, na 20 hadi 30. Ni kanuni njema, wala hatuikatai. Neno letu ni kwamba yafundishwa kana kwamba yafaa kila mahali.

Tazameni katikati 5, 15 na 30. Mwenye kushika kanuni ataweka mpaka penye 22½. Lakini fungu la 10 hadi 22½ katikati yake si 15 hata kidogo. Nguzo hizi hazina upana mmoja. Hapana budi kujua mpaka mmoja kwa hakika, tuseme 0. Ndipo kila katikati izidishwe kwa mbili na kutolewa mpaka uliotangulia. Tutapata 10, 20 na 40.

Lakini jambo lililotushikisha kalamu ni jedwali la Bwana Francis Galton, Mwingereza, la mwaka 1886, lenye urefu wa watu wazima 928 pamoja na wa wazazi wao. Juu ya safu za watoto ameandika 62.2, 63.2, 64.2, na kuendelea vivyo hivyo. Mwanafunzi wetu atasema upesi: fungu la 62.2 ni inchi 61.7 hadi 62.7. Sivyo. Galton mwenyewe aeleza kwamba vipimo vilivyo kati ya 62 na 63 havikuenea sawasawa, kwa kuwa watu hupenda mno kutaja inchi kamili. Kwa hiyo hakuandika 62.5. Basi mtu wa inchi 62.8, ambaye ni wa fungu hilo, kanuni ya nusu yamtupa kwa jirani.

Twamsifu Galton kwa kusema wazi. Lawama yetu ni kwamba ameyaweka hayo katika maelezo chini ya jedwali, na anakiliye jedwali peke yake huyaacha. Tena wazazi, katika jedwali lilo hilo, wameandikiwa 64.5, 65.5 na kadhalika, kwani kwao hakuuona upendeleo ule. Desturi mbili katika ukurasa mmoja! Laiti angaliandika mipaka yenyewe, 62 hadi 63, asingalihitaji maelezo marefu, wala mwalimu asingalikisia.