Nyatwali: Fidia Ilivyokokotolewa na Kilichobaki Nje ya Hesabu

Kwenye ufukwe wa Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria, iko kata ya Nyatwali katika Halmashauri ya Mji wa Bunda. Katika miaka ya 2020 serikali iliamua wakazi wa mitaa yake wapishe, ili wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti wapate njia ya kufika ziwani. Njia iliyochaguliwa ilikuwa fidia ya fedha: kila mwenye mali athaminiwe, alipwe, kisha ajitafutie pa kwenda.

Uthamini huanzia uani. Mthamini hupima nyumba, huhesabu miembe na mashina ya mihogo, humpiga picha mwenye mali akiwa ameshika kibao chenye namba yake, na mwenyekiti wa mtaa huwa shahidi. Kanuni za Fidia za 2001 huongeza posho juu ya thamani ya ardhi na maendelezo. Posho ya makazi ni kodi ya nyumba ya miezi 36. Ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Biashara iliyopotea hulipwa faida ya miezi 36, na ushahidi unaotajwa ni hesabu zilizokaguliwa.

Hapo ndipo mama mwanika dagaa anapoachwa. Hana vitabu vya mahesabu. Mwalo anapofanya biashara na wavuvi si mali yake, wala mkopo anaopewa na jirani kwa kuaminiana hauna safu kwenye fomu. Akihamia mbali na ziwa, fedha za nyumba hazimrudishii wateja.

Dunia imewahi kukabili hali ngumu zaidi. Wakazi wapatao 49,000 wa Pripyat, jirani na mtambo wa nyuklia wa Chernobyl uliopata ajali, waliondolewa mchana wa Aprili 27, 1986, wakiambiwa wafungashe vitu vya siku tatu. Hawakurudi. Hata hivyo wafanyakazi wa mtambo walijengewa mji mpya, Slavutych, wakaendelea kuishi pamoja.

Japani ilikwenda mbali zaidi. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima ya Machi 2011, zaidi ya watu 160,000 walihama. Mji wa Futaba ulipobaki mtupu, ofisi za halmashauri zilihama pamoja na watu, kwanza mkoa wa Saitama, kisha jiji la Iwaki. Waliohama waliruhusiwa kubaki kwenye daftari la wakazi wa mji wao. Fidia nayo ilihesabu mali, mapato yaliyopotea, na hata yeni 100,000 kwa mwezi kwa maumivu ya moyo. Futaba ilianza kupokea wakazi tena mwaka 2022, ingawa wengi walikuwa wameshaota mizizi kwingine.

Pripyat ilikimbia mionzi. Nyatwali haikukimbizwa na chochote. Muda wa kupanga ulikuwepo, na huo ndio uzito wa kasoro ya kulipia mali na kuacha riziki. Kata ya ufukweni inapohamishwa, halmashauri itenge kwanza eneo ambalo mtaa mzima unaweza kwenda pamoja, lenye shule, zahanati na mwalo, na kanuni zikubali kumbukumbu za mauzo ya mwaloni kuwa ushahidi wa kipato. Wizara ya Ardhi inaweza kuzirekebisha kanuni hizo kabla kata nyingine haijapigwa namba.