Ufunguo wa Kibanda cha Amani

Tulipokuwa sekondari tulisoma Kidagaa Kimemwozea mpaka jalada likatoka, na hakuna siku mwalimu alituuliza Amani analala wapi. Tuliulizwa sifa zake na umuhimu wake. Tuliulizwa maudhui, jazanda, kinaya. Mimi nilijaza kurasa 4 kuhusu utabaka, nikapata 16 kwa 20, nikafunga kitabu.

Swali lenyewe lilinijia baadaye sana, Jumapili moja jioni, nikiwa nimekalia godoro langu nje ya geti nikimngoja rafiki aje na mkokoteni.

Stori ni fupi. Nilikuwa nimemaliza chuo na kukanyaga lami ya Nairobi mwaka mzima. Mjomba akanitafutia kazi kwa landilodi mmoja upande wa Thika Road: msimamizi wa ploti, yaani keateka. Kufungua geti saa kumi na moja alfajiri, kusoma mita za maji, kuwasha pampu, kuwakumbusha wapangaji kodi. Mshahara elfu 8. "Lakini keja ni bure," akasema landilodi. Nilimpigia mathe simu nikamwambia nimepata kazi na nyumba, akapiga vigelegele. Nadhani kilichomfurahisha zaidi ni nyumba.

Chumba kilikuwa chini ya ngazi, na kila mtu aliujua mlango wangu. Saa sita usiku mtu amepoteza ufunguo, anagonga. Saa tisa maji yamekatika, wanagonga. Sikuwahi kutoka kazini kwa sababu sikuwahi kutoka kwenye jengo. Baada ya miezi 7, mpwa wa landilodi akahitaji kazi. Niliambiwa saa nne asubuhi, na chumba kilitakiwa kiwe wazi kufikia jioni. "Ufunguo uache hapo juu ya mita."

Kwenye ule mkokoteni, kati ya sufuria na blanketi, kulikuwa na nakala ya Kidagaa niliyoiokota kwenye katoni ya mpangaji aliyehama. Niliisoma tena wiki ile, nikilala sakafuni kwa rafiki. Ilikuwa kama riwaya ambayo sikuwahi kuifungua.

Kumbuka mambo yanavyoanza. Ken Walibora anawaleta Amani na Imani Sokomoko mikono mitupu. Imani, nyumba yao imechomwa. Amani anaajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na kazi inakuja na kibanda. Imani anaingia kwa Mwalimu Majisifu kulea watoto walemavu ambao baba yao mwenyewe anawaonea aibu. Darasani tulipita hapo mbio, kana kwamba ni maandalizi tu ya hadithi.

Lakini angalia ni mangapi yanapitia mlango wa kile kibanda. Mtoto mchanga anaachwa pale mlangoni, na kumbe ni damu ya Mtemi mwenyewe. Aibu ya nyumba kubwa inashushwa nyumba ndogo, kwa mtu asiyeweza kuirudisha. Mtoto akifariki, wanaotiwa seli ni Amani na Imani. Mtemi akimshuku mkewe, mwili unaolipa ni wa Amani. Walibora alielewa kwamba ukiishi kwa mwajiri, siri zake zinakuwa hatari kwako kuliko kwake.

Mbona basi Amani haondoki? Tulifundishwa kuandika kwamba ni mvumilivu, na sifa hiyo ilikuwa na alama zake. Siku hizi neno hilo linanikwama kooni. Miezi 7 chini ya ngazi nilionekana mvumilivu pia, kumbe nilikuwa napiga hesabu: nikijibizana na huyu mzee leo, kesho nalala wapi?

Ousmane Sembène wa Senegali aliiweka hesabu hiyo kwenye filamu mwaka 1966. La Noire de... inamfuata Diouana, msichana wa Dakar aliyeajiriwa na familia ya Wafaransa kuwaangalia watoto. Akiwa Dakar ana mama, ana mpenzi, ana mtaa. Kisha anaitwa Antibes, kusini mwa Ufaransa, akaishi na waajiri wake kwenye nyumba ya ghorofani. Waajiri ni walewale, na yeye ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba sasa hana pa kurudi jioni. Kazi ya watoto inageuka kuwa kupika, kufua na kusugua, na hakuna mahali anapoweza kusimama akasema leo basi. Barua ya mama yake anasomewa na haohao waajiri. Mwishoni anajiua bafuni mwa nyumba ile aliyokuwa akiisafisha. Sembène hamletei mkombozi, wala hatufichulii kwamba Diouana alikuwa binti wa mtu mkubwa.

Hapo ndipo ninapogombana na Walibora, na nagombana naye nikimpenda. Mwisho wa Kidagaa unatufunulia kwamba ardhi anayojidai nayo Mtemi aliipora kutoka kwa ukoo wa Amani. Mchungaji wa kibandani kumbe ndiye mwenye haki. Tulishangilia darasani, na kinaya kile kilitupa alama. Lakini je, kama hangekuwa? Kama Amani angekuwa mchungaji mwana wa mchungaji, bila babu aliyedhulumiwa, tungelia naye hivyo? Riwaya inatukasirisha kwa sababu mrithi analala kibandani. Naogopa kwamba, bila kukusudia, inatuachia wazo kwamba mtu asiye mrithi anaweza kulala pale na dunia ikaendelea.

Najua utetezi wake, na una uzito. Walibora hakuutoa ule wizi wa ardhi hewani. Nchi hii ilijengwa kwa kibanda cha aina hiyo. Kwenye mashamba ya walowezi, sheria ya kikoloni ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa shambani. Wengine walikuwa wakikaa hivyo juu ya ardhi iliyokuwa yao. Ukisoma hivyo, Amani anabeba historia nzima mgongoni. Nakubali. Bado namtaka mchungaji atakayekuja baada yake, na riwaya haina nafasi yake.

Sisi je, tunayo? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au amwongezee pesa za kodi juu ya mshahara. Ni kifungu kizuri. Ila ukipita Kileleshwa ukaangalia SQ zilizobanwa nyuma ya nyumba, karibu na mapipa, utaona jinsi neno "yanayofaa" linavyoweza kunyooshwa. Ndani ya vyumba hivyo kuna watu wanaojua tunakula nini na tunagombana saa ngapi. Hadithi zetu zinawaita aunti au soja, zinawapa mstari mmoja wa kufungua geti, basi.

Sasa nina bedsita yangu Kayole. Kodi inakula karibu nusu ya mshahara, na asubuhi napanda matatu mbili kufika kazini. Mtu akigonga usiku, naweza kunyamaza.

Wiki jana binti ya shangazi alinipigia. Amepata kazi ya yaya, na kazi ina chumba. Sikumwambia akatae, najua hali ya kwao. Nilimuuliza kama mlango unafungika kwa ndani, ufunguo wa pili anao nani, na Jumapili ataenda wapi. Akacheka. "Kaka, wewe unaongea kama mwalimu."

Kisha akanyamaza kidogo. "Na wakinifukuza, nitakuja kwako?"

Bedsita ina kitanda kimoja na jiko liko karibu na mto. Nikamwambia ndiyo, hata iwe usiku.