Paje na Mwanafunzi wa Bara: Namna Ufukwe wa Anayeanza Unavyochaguliwa

Ufukwe unaomfaa mtu anayeanza kujifunza kupanda mawimbi, yaani kusimama juu ya ubao na kuchukuliwa na nguvu ya wimbi au ya upepo, hauchaguliwi kwa weupe wa mchanga wake wala kwa sifa za hoteli zake, bali kwa kina cha maji katika saa ya somo, kwa upande unakotoka upepo katika msimu wa safari, na kwa umbo la sakafu ya bahari ambayo macho ya mgeni hayaioni. Suala hili limepata uzito kwa wakazi wa Dodoma tangu mwaka 2024, treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya makao makuu ya nchi na Dar es Salaam, kwa kuwa sasa anayeondoka Dodoma alfajiri anaweza kuvuka kwa boti na kulala Unguja siku hiyohiyo. Safari imekuwa fupi, lakini maarifa ya bahari hayapatikani kwa kukata tiketi. Dodoma imekaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, katika uwanda mkavu ambao mito yake mingi hutiririka kwa msimu na ambao maji yake makubwa ni ya mabwawa kama Hombolo na Mtera, na kwa sababu hiyo wengi waliokulia huko hawakupata mahali pa kujifunza kuogelea utotoni. Mtu wa namna hiyo anapopanga likizo ya kisiwani, uchaguzi wa ufukwe ndio ulinzi wake wa kwanza, na inafaa uchambuliwe kwa makini.

Jambo la kueleweka mapema ni kwamba Unguja si kisiwa cha mawimbi ya ufukweni. Mawimbi marefu yanayosukumwa na pepo za Bahari ya Hindi hufika upande wa mashariki wa kisiwa yakiwa na nguvu, lakini hukutana kwanza na mwamba wa matumbawe, ambao ni ukuta uliojengwa na viumbe wadogo wa baharini kwa maelfu ya miaka na ambao umesimama mbali kidogo na nchi kavu, sambamba na pwani. Wimbi huvunjika linapofika mahali ambapo kina cha maji kimepungua hadi kukaribia mara moja na theluthi ya urefu wa wimbi lenyewe. Wimbi la nusu mita, kwa mfano, huvunjika katika maji ya sentimita 65 hivi, yanayomfika mtu mzima mapajani. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ufukwe wa Muizenberg huko Cape Town na ule wa Waikiki huko Honolulu vimekuwa shule za wanaoanza kwa vizazi kadhaa: sakafu hupanda taratibu, wimbi huvunjika kidogokidogo kwa umbali mrefu, na anayeanguka huangukia maji yasiyo na ghadhabu. Mashariki ya Unguja wimbi halivunjiki ufukweni bali juu ya mwamba, kwa ghafla, katika maji machache yaliyofunika mawe makali, na hapo si mahali pa mwanafunzi hata kama wimbi lenyewe linaonekana dogo.

Pwani ya Waswahili ina mahali ambapo ukuta huo umekatika. Karibu na Malindi nchini Kenya, Mto Sabaki humwaga maji baridi yasiyo na chumvi pamoja na tope jingi, na matumbawe hayastawi katika mchanganyiko huo, hivyo ghuba imebaki wazi na mawimbi ya miezi ya Julai na Agosti hufika mchangani bila kuzuiwa. Anayetaka wimbi lenyewe, lile la kulisubiri akiwa amelala kifudifudi juu ya ubao, atafute huko. Kumpeleka mashariki ya Unguja kwa kusudi hilo ni kumpotezea muda.

Kilichofanyika Paje, kijiji cha pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, ni kugeuza upungufu huo kuwa faida. Mwamba unaovunja mawimbi nje huacha ndani yake bwawa refu la maji ya bahari, lenye sakafu ya mchanga iliyo karibu tambarare, na juu ya bwawa hilo upepo hupita bila kuzuiwa na kilima wala jengo. Walioanzisha shule za mchezo wa ubao na tiara, ambamo mwanafunzi huvutwa na tiara kubwa ya kitambaa iliyofungwa kiunoni mwake kwa mkanda, hawakuhitaji mawimbi kabisa; walihitaji maji matulivu ambayo mtu anaweza kusimama ndani yake kila anapoangushwa, na upepo unaovuma kwa kasi isiyobadilikabadilika. Vyote viwili vilikuwepo Paje, na ndiyo maana shule hizo zimejipanga pale kwa wingi kuliko popote kisiwani.

Upepo wenyewe si mgeni kwa mtu wa uwanda wa kati. Kusi, yaani upepo wa msimu unaotoka kusini na kusini-mashariki kuanzia mwezi wa Mei hadi karibu na Oktoba, ni sehemu ya mfumo uleule wa pepo unaopanda bara wakati wa kiangazi, unaoinua vumbi katika barabara za Dodoma na ambao umeifanya Singida itajwe kila mara katika mipango ya umeme wa upepo. Kaskazi, unaotoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu na Desemba hadi Februari au mwanzo wa Machi, kwa kawaida huwa mpole zaidi. Kati ya misimu hiyo kuna tanga mbili, kipindi ambacho upepo hugeuka na kulegea, na ambacho kwa upande mmoja huangukia mvua za masika. Mwanafunzi wa tiara anayefika wakati huo anaweza kukaa siku nzima ufukweni akitazama anga.

Lakini kasi ya upepo ni nusu tu ya hesabu, na nusu ya pili, ambayo ni mwelekeo, ndiyo inayookoa maisha. Pwani ya Paje imetazama mashariki, kwa hiyo kusi huijia kutoka kuume kwa mtu aliyesimama akiangalia bahari, na kaskazi huijia kutoka kushoto kwake, na katika misimu yote miwili upepo humsukuma mwanafunzi sambamba na ufukwe huku ukimrudisha kidogo nchi kavu. Aliyepoteza ubao, aliyekatikiwa na kamba au aliyechoka hataishia bahari kuu; ataishia mchangani, pengine mbele ya kijiji cha jirani, akiwa na safari ya kutembea kwa miguu na mafunzo ya kutafakari njiani. Tabia hiyo ya upepo ina thamani kuliko vifaa vyote vya shule, kwa sababu inafanya kazi hata pale mkufunzi anapokuwa ameangalia upande mwingine.

Ulinganisho na Kendwa, katika ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, unaonyesha jinsi mgeni anavyoweza kudanganyika. Wakati wa kusi maji ya Kendwa hutulia kama mafuta ndani ya sahani, kwa kuwa kisiwa chenyewe kimeukinga upepo, na mtu asiyejua bahari huona kwamba pale ndipo pa kukodi ubao mpana wa kusimamia na kupiga kasia. Kwa kuogelea karibu na ufukwe, dhana hiyo ni sahihi, maana maji hayakimbii mbali yanapokupwa na sakafu ni ya mchanga. Kwa ubao, dhana hiyo ina hatari, kwa sababu upepo unaopita juu ya kisiwa hushuka upande wa magharibi ukielekea baharini; mita 50 za kwanza hausikiki, baada ya hapo huanza kumsukuma mpandaji nje, naye hutambua anapogeuka kurudi na kukuta kasia lake halimfikishi popote. Nungwi, jirani yake, huongeza jambo jingine, kwani mkondo unaozunguka ncha ya kisiwa una nguvu na mabaharia wa ngalawa huuheshimu. Utulivu wa uso wa maji, kwa hiyo, ni ushahidi kwamba mahali pamekingwa, na swali linalofuata liwe upepo uliokingwa unakwenda wapi.

Sehemu ya uchambuzi inayopuuzwa zaidi na wasafiri wa bara, na inayostahili kujifunzwa kuliko zote, ni mwezi. Maji ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo siku moja, hivyo kila saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kutoka siku hadi siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wake na ule wa jua huungana na kuleta bamvua, ambapo tofauti kati ya maji ya juu na ya chini hufikia mita tatu hadi nne. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hupunguzana na kuleta maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua hadi kukaribia mita moja. Kinachofanya elimu hii iwe rahisi kuitumia ni kwamba katika pwani ya Unguja siku za bamvua maji huwa chini kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na juu kabisa karibu na saa kumi au saa kumi na moja jioni, ilhali siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa asubuhi na kupwa jioni.

Kwa kuwa sikukuu za Kiislamu hufuata mwezi, msafiri anaweza kujua hali ya maji kabla hata ya kuangalia jedwali. Idd el Fitr huwa tarehe mosi Shawwal, yaani mwezi ukiwa umeandama, kwa hiyo daima huangukia ndani au pembeni mwa bamvua. Familia inayokwenda Paje au Jambiani kwa Idd hiyo na kutoka chumbani saa nne asubuhi itakuta bahari imerudi nyuma mamia ya mita na watoto hawana pa kuogelea mpaka alasiri. Idd el Hajj, iliyo tarehe 10 ya Dhulhija, huangukia karibu na maji mafu, na siku hizo maji ya asubuhi huwa ya kutosha bila kuwa ya kutisha. Pasaka nayo, ikiwa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira ya usawa wa usiku na mchana, inaweza kuwa ndani ya bamvua kubwa kuliko nyingi za mwaka, kutegemea imechelewa siku ngapi baada ya mwezi kujaa. Krismasi haina uhusiano wowote na mwezi, hivyo jedwali la mwaka husika ndilo la kutazamwa.

Hapa ndipo mahitaji yanapotengana. Asubuhi ya bamvua, ambayo ni mbaya kwa mwogeleaji, inaweza kuwa nzuri kwa mwanafunzi wa tiara, kwa kuwa maji yanapoanza kurudi humfika magotini hadi kiunoni na anaweza kusimama kila anapotaka. Jioni ya siku ileile, maji yakiwa yamepita kimo cha mtu na mchanga wa kurukia umebaki ukanda mwembamba, somo lingemfaa tu anayejua kuogelea. Shule inayompangia mwanafunzi saa moja ileile kila siku kwa wiki nzima, bila kuisogeza kulingana na maji, imepanga ratiba ya ofisi yake, haijapanga masomo.

Bwawa hilo la Paje lina wenyewe. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kilipoanza kijijini hapo kwa ajili ya biashara, wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani wamekuwa wakipigilia vigingi na kufunga kamba katika maji hayohayo machache, na huenda mashambani maji yanapokupwa, saa ambayo ndiyo pia inayomfaa mwanafunzi. Vigingi humwumiza anayeanguka, na kamba za tiara huharibu mazao ya mtu aliyeamka alfajiri. Mwanafunzi aulize mipaka ya mashamba kabla ya kuingia majini, na akae nje yake kwa heshima ya kazi hiyo kama ambavyo angekaa nje ya shamba la zabibu la Hombolo au Mpunguzi.

Mahali pa kuepukwa kabisa ni mlango, yaani pengo katika mwamba ambamo maji ya bwawa hutokea kurudi bahari kuu yanapokupwa. Maji yote yaliyoingia kwa saa sita kupitia juu ya mwamba hutafuta njia hiyo, na mkondo wake humshinda mwogeleaji hodari. Aliyekamatwa asishindane nao bali aogelee kwa ubavu, sambamba na pwani, mpaka utakapomwachia. Viatu vya mpira ni lazima kwa sababu ya viumbe wenye miiba mirefu myeusi waliojificha kwenye mawe na nyasi za bahari. Tahadhari za upepo mkali na mawimbi zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zitazamwe kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa zinahusu pia uvukaji wa boti kutoka Dar es Salaam.

Kuogelea kunatangulia ubao, na hilo halina mjadala. Huko Nungwi mradi wa Panje umewafundisha kuogelea wasichana na wanawake wa kijiji, wakivaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima, na kazi hiyo imeonyesha kwamba hata waliozaliwa hatua chache kutoka baharini walihitaji mwalimu. Sembuse aliyezaliwa Kondoa au Mpwapwa. Mkazi wa Dodoma ambaye hajawahi kuogelea aanzie Kendwa, ndani ya maji ya kiuno, bila ubao, kwa siku za kwanza za likizo yake. Anayeogelea tayari aende Paje kati ya Juni na Septemba akitaka upepo wa uhakika, au Januari akitaka upepo wa upole zaidi, achague tarehe kwa kuhesabu siku za mwezi, na alipie hoteli baada ya hesabu hiyo kukamilika.